Robert Wangila, Bingwa Aliyekataa Kusimamishwa

Robert Wangila Napunyi alizaliwa nchini Kenya mwaka 1967. Alijifunza ngumi angali kijana, akapanda ngazi hadi kuvaa sare ya timu ya taifa. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya 2 ya fainali na kutwaa nishani ya dhahabu. Kabla ya siku hiyo, dhahabu zote za Kenya katika Olimpiki zilikuwa zimetokana na mbio.

Bingwa huyo akaingia katika ngumi za kulipwa nchini Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya 9 mwamuzi aliona makonde yamezidi, akasimamisha pambano. Wangila hakuridhika, alilalamika kwamba alikuwa angali na nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, wala hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Ndugu askari, hapa ndipo penye fundisho. Wangila hakukosa ushujaa. Lakini ubongo uliojeruhiwa hauwezi kujihukumu wenyewe. Kichwa kinapopigwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kama ngozi haikuchanika. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu na kusahau. Aliyepatwa na hayo akipigwa tena kabla hajapona, hatari huongezeka maradufu, hasa akiwa kijana.

Jambo hili halihusu ulingo peke yake. Huku Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kijana anaweza kugongana kichwa na mwenzake akiwania mpira wa juu, akainuka akipepesuka huku wenziwe wakimshangilia arudi uwanjani. Askari au polisi anayefundisha vijana asimwulize kama anaweza kuendelea, kwani jibu la kijana hodari linajulikana. Amtoe mchezoni siku hiyo hiyo, ampeleke kwa mganga, wala asimrudishe mpaka apone kabisa.

Kikosini, amri ya kurudi nyuma hutiiwa sawasawa na amri ya kusonga mbele. Na uwanjani iwe vivyo hivyo.