Max von Pettenkofer: Alikunywa bakteria wa kipindupindu na akakosea, lakini kipimo chake cha hewa ya chumbani bado kinatumika

Oktoba 7, 1892, mzee wa miaka 73 mjini Munich, Ujerumani, alikunywa kimiminika chenye bakteria hai wa kipindupindu. Hakulazimishwa na mtu. Aliwaagiza mwenyewe, na kabla ya kuwameza alihakikisha asidi ya tumboni imepunguzwa ili isiwaue.

Mzee huyo ni Max von Pettenkofer. Alitaka kuonyesha kwamba bakteria peke yao hawatoshi kuleta kipindupindu. Alikosea.

Wengi wanaomjua wanamkumbuka kwa tukio hilo. Lakini kuna jambo lake jingine linalokugusa kila unapoingia ofisini, darasani au hospitalini. Ndiye aliyeonyesha namna ya kupima kama hewa ya ndani ya jengo inafaa kuvutwa, na kanuni zake bado zinatumika.

Mtoto wa kijijini aliyekimbilia jukwaani

Pettenkofer alizaliwa Desemba 3, 1818 huko Lichtenheim, Bavaria, katika familia yenye watoto wengi. Akiwa mdogo alipelekwa Munich kuishi na ndugu wa baba yake, aliyekuwa mfamasia wa kasri la mfalme.

Huko alisoma na kuanza kujifunza kazi ya dawa. Baadaye wawili hao wakagombana, kijana akatoroka. Alikwenda Augsburg kuigiza jukwaani, akalifupisha jina lake na kujiita Tenkof.

Maigizo hayakudumu. Binamu yake Helene, ambaye baadaye alimuoa, alikuwa miongoni mwa waliomshawishi arudi shule. Mwaka 1843 alimaliza masomo ya udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia. Mwaka 1847, akiwa bado hajafikisha miaka 30, alikuwa tayari profesa.

Swali lililoanzia kwenye kasri

Safari yake ya kuchunguza hewa ilianza na ishu ndogo tu. Katika kasri la Mfalme Maximilian II, vyumba vilipashwa joto kwa hewa ya moto kutoka kwenye tanuri, na watu wakalalamika kwamba hewa hiyo ni kavu mno. Pettenkofer akapewa kazi ya kutafuta sababu.

Aliandika matokeo yake mwaka 1851, lakini hakuishia hapo. Alianza kujiuliza kuhusu nyumba za watu wa kawaida: hewa ya ndani inabadilika kwa kasi gani? Na mtu atajuaje kwamba imechafuka?

Pua haisaidii sana. Ukiingia kwenye chumba kilichojaa watu unasikia harufu nzito, lakini ukikaa dakika chache unaizoea. Hewa haijawa safi, ni pua yako tu iliyochoka.

Namba iliyobaki

Mwaka 1858 alichapisha jibu lake. Kila mtu anapopumua anatoa hewa ukaa. Kwa hiyo ukipima hewa ukaa ya chumbani, unajua ni kiasi gani cha hewa iliyokwisha kutoka kwenye mapafu ya watu bado kimo humo.

Alichukua sampuli za hewa na kuzichanganya na maji yenye kemikali inayonasa hewa ukaa. Kisha akakokotoa ni kiasi gani kimenaswa.

Akaweka mpaka: hewa ukaa isizidi asilimia 0.1, yaani sehemu 1 kwa kila 1,000. Kwa vipimo vya kisasa hiyo ni sehemu 1,000 kwa kila milioni. Wataalamu wa majengo wanaiita namba ya Pettenkofer.

Hakusema kwamba kiwango hicho cha hewa ukaa kinaua. Alikitumia kama kengele. Kama hewa ukaa imerundikana, basi na vitu vingine vinavyotoka kwa watu vimerundikana pia, na ni wakati wa kuingiza hewa ya nje.

Ondoa uchafu kwanza

Lakini Pettenkofer hakuamini kwamba dirisha linatibu kila kitu. Alitoa mfano ambao hauhitaji shahada kuuelewa: kama kuna rundo la samadi chumbani, usihangaike kuingiza hewa safi, toa samadi kwanza.

Wahandisi bado wanafuata mpangilio huo: ondoa chanzo cha sumu, kisha ingiza hewa safi kwa ajili ya uchafu usioweza kuzuilika, kama pumzi za watu wenyewe.

Sumu iliyopita chini ya sakafu

Mwaka 1872, katika mihadhara yake mjini Dresden, alieleza kisa kilichowashangaza wengi. Kulikuwa na watu waliodhurika kwa gesi ya taa wakiwa ndani ya nyumba ambazo hazikuwa na hata bomba moja la gesi.

Kumbe bomba lilikuwa limepasuka barabarani. Gesi ilipenya kwenye udongo, ikasafiri chini kwa chini na kuibukia ndani ya nyumba. Gesi hiyo ilitengenezwa kwa makaa ya mawe na ilikuwa na kaboni monoksaidi, sumu inayoua.

Kwa nini iingie ndani badala ya kupotelea nje? Wakati wa baridi nyumba zilipashwa moto. Hewa ya joto hupanda na kutokea juu, na nafasi yake huzibwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Nyumba nzima ikafanya kazi kama bomba la moshi, ikifyonza hewa ya ardhini pamoja na sumu yake.

Maelezo hayo bado yana kazi leo. Radoni, gesi yenye mionzi inayoweza kusababisha saratani ya mapafu, huingia majumbani kwa njia hiyohiyo. Kinga yake ni kuziba nyufa za sakafu na kuweka bomba lenye feni linalonyonya hewa ya chini ya nyumba na kuitoa juu ya paa.

Hata hivyo, si kila alichosema kuhusu nyumba kilikuwa sahihi. Aliwahi kuzima mshumaa kwa kupuliza hewa kupitia ukuta wa tofali, akaamini kuta zinapitisha sehemu kubwa ya hewa inayohitajika. Baadaye ilibainika kwamba hewa nyingi hupita kwenye nyufa na mianya. Ukuta uliopigwa lipu hupitisha kidogo sana.

Kosa lililokuwa kubwa

Kosa la ukuta halikumdhuru mtu. La kipindupindu lilikuwa zito.

Ugonjwa huo ulipoingia Munich mwaka 1854, yeye mwenyewe aliugua na kupona. Tangu hapo alishikilia kwamba kipindupindu kinategemea hali ya udongo wa mahali na maji yaliyo chini yake. Alikataa kwamba maji ya kunywa ndiyo yanayousambaza.

Mwaka 1884 Robert Koch, ambaye miaka ya baadaye alifika Visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria kutafiti malale, alitangaza kwamba amempata bakteria wa kipindupindu. Pettenkofer hakuridhika.

Mwaka 1892 mji wa Hamburg ulishambuliwa, na zaidi ya watu 8,000 wakafa. Hamburg ilikuwa ikiwapa wakazi maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliopakana nao, ulitumia maji ya mto huohuo lakini ukiyachuja kwa mchanga, na uliathirika kidogo sana ukilinganisha.

Ushahidi ulikuwa wazi, lakini mzee alikataa kurudi nyuma. Hapo ndipo alipokunywa bakteria. Aliharisha kidogo kwa siku kadhaa, akapona, akaona ameshinda. Lakini mtu mmoja kunusurika hakuthibitishi kwamba bakteria hawana hatia.

Ajabu ni kwamba aliipigania sana Munich ipate mifereji ya majitaka, na kuanzia mwaka 1883 mji ukapata maji safi kutoka Bonde la Mangfall. Usafi huo uliokoa maisha, ingawa sababu aliyoiamini haikuwa yenyewe.

Mwisho wenye huzuni

Alipata heshima nyingi. Mwaka 1865 alikuwa profesa wa kwanza wa somo la usafi na afya ya jamii mjini Munich, na mwaka 1879 taasisi yake ikafunguliwa.

Lakini nyumbani kulikuwa na misiba. Alimzika mke wake na watoto watatu kati ya watano. Februari 10, 1901, akiwa na miaka 82, mpweke na mwenye maumivu, alijiua.

Kwa nini anakuhusu leo

Wakati wa UVIKO-19, vifaa vidogo vya kupima hewa ukaa vilianza kuonekana madarasani na maofisini katika nchi nyingi. Virusi hutoka pamoja na pumzi. Chumba kilichojaa pumzi za watu ni chumba ambacho mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza wengi. Hewa ya nje ina hewa ukaa ya zaidi kidogo ya sehemu 420 kwa milioni. Kifaa cha chumbani kikivuka 1,000, fungua madirisha.

Lakini kifaa hicho hakioni kila kitu. Hakipimi radoni, wala kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Sumu hiyo haina harufu, na inaweza kumuua aliyelala kabla hajashtuka.

Kwa hilo, inarudi ile kanuni ya samadi. Usitegemee kuacha dirisha wazi kidogo. Toa jiko nje kwanza, ndipo ulale.