Duke wa Abruzzi: kutoka barafu ya kaskazini mpaka Ruwenzori

Ninyi wa Beni mnajua: asubuhi mawingu yakifunguka, ule weupe unaonekana juu ya Ruwenzori. Tulitaka kujua nani alifika kwanza kwenye kilele chake. Kumbe ni mtu aliyekuwa ametoka kwenye barafu ya kaskazini kabisa.

Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa wafalme wa Italia, alizaliwa Madrid mwezi wa kwanza 1873. Baba yake alikuwa mfalme wa Hispania, lakini hata mwezi haukuisha akauacha ufalme.

Mwaka 1899 Duke alikwenda kaskazini na meli Stella Polare. Baridi ikaharibu vidole vyake, wakamkata ncha za viwili. Basi akamtuma Umberto Cagni, naye tarehe 25 Aprili 1900 akafika nyuzi 86 na dakika 34, karibu na ncha kuliko mtu yeyote mbele yake. Wenzao watatu walipotea barafuni, hawakuonekana tena. Sisi tunaona bei hiyo ilikuwa kubwa mno.

Mwaka 1906 akapanda Ruwenzori kwa upande wa Uganda. Waliombebea mizigo ni Bakonjo, ndugu za Wanande. Tarehe 18 Juni alikanyaga Margherita, meta 5,109. Vittorio Sella alipiga picha za barafu, ambayo wakati ule ilikuwa juu ya milima sita. Kufika 2005 ilibaki juu ya mitatu tu.

Barafu yetu haikutoka kaskazini, ni urefu wa mlima unaoileta. Sasa juu ya nini ncha ya dunia ituhusu? Barafu ya bahari ni nyeupe, inarudisha mwanga wa jua. Ikiyeyuka, maji meusi yanakunywa joto. Na mkanda wa mvua wa Ikweta unapenda kusogea upande wenye joto zaidi. Miaka kama 16,000 iliyopita, barafu nyingi ilimwagika katika Atlantiki ya kaskazini, bahari ikapoa, na huku kwetu mashariki mvua ikapungua hata Ziwa Victoria likakauka. Mkulima wa Butembo anayengojea mvua apande maharagwe, naye yumo katika habari hiyo.

Duke alimaliza maisha Somalia, katika kijiji cha mashamba alichokianzisha kando ya mto Shebelle, unaoletewa maji na mvua za milima ya Ethiopia. Alifariki mwaka 1933, akazikwa hukohuko.