Bobby Locke, mzee wa taratibu aliyewamaliza Wamarekani

WAMAREKANI walipomuona Bobby Locke kwa mara ya kwanza viwanjani kwao, mwaka 1947, walimcheka. Jamaa alikuwa na kamwili, kavaa shati na tai kama karani, suruali pana inayoishia chini ya magoti, viatu vyeupe na kofia nyeupe. Na haraka hana. Alitoka shimo moja kwenda lingine kama mtu anayetoka kula pilau la harusi.

Kicheko kikaisha alipoanza kuondoka na fedha zao.

Jina lake kamili ni Arthur D'Arcy Locke, Mzungu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Germiston, jirani na Johannesburg, Novemba 20, 1917. Hilo la Bobby lilitokana na Bobby Jones, bingwa wa Marekani aliyemhusudu tangu utotoni. Mwaka 1935, akiwa na miaka 17 tu na bado mchezaji wa ridhaa, alitwaa ubingwa wa wazi wa nchi yake, akaja kuuchukua mara tisa kwa jumla. Enzi hizo, lakini, mashindano ya kwao yalikuwa ya Weupe; Mweusi aliingia uwanjani kubeba mfuko.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja akawa rubani wa ndege za mabomu. Vilipoisha, Sam Snead, mmoja wa vigogo wa Marekani, alikwenda Afrika Kusini kucheza naye mechi 16. Locke alishinda 12, Snead mbili, mbili wakatoka sare. Snead mwenyewe ndiye aliyemshauri aende Marekani.

Alikwenda, na katika miaka miwili na nusu hivi alicheza mashindano 59, akashinda 11 na kumaliza ndani ya tatu bora mara 30. Kule Chicago mwaka 1948 alimwacha wa pili kwa mikwaju 16. Tiger Woods alipowasambaratisha wenzake kwenye US Open ya mwaka 2000, tofauti yake ilikuwa 15.

Hapo ndipo manung'uniko yalipokolea: eti anachelewesha mchezo.

Kwa asiyewahi kushika fimbo, kesi hii si ndogo. Gofu huchezwa kwa makundi yanayofuatana kwenye njia moja. Kundi la mbele likikaa, wote wa nyuma wanakaa. Ni kama gari kuharibika barabara ya Mbagala: limekufa moja tu, lakini hadi abiria wa Rangi Tatu atachelewa kazini. Ukienda Lugalo, Kinondoni, kwenye uwanja wa jeshi wenye mashimo 18, kundi moja la wanne linalojishauri kila mkwaju linatosha kuharibu asubuhi ya watu wote walio nyuma yake.

Je, Locke alikuwa hivyo? Taratibu alikuwa, hilo halina ubishi. Kwenye grini alikagua njia ya mpira, akaenda hadi kwenye shimo na kuzitazama nyasi za pale mwishoni, maana mpira ukipungua kasi ndipo nyasi zinapouamuru. Lakini akishamaliza kukagua, ameshamaliza. Alipunga fimbo mara mbili za majaribio, akasogea, akatupia jicho shimo, akapiga. Hakurudi nyuma kuanza upya, na mpangilio huo haukubadilika awe anaongoza au anafukuza. Wengi wanaochelewesha watu leo wameiga ule ukaguzi tu. Kile kipande cha kupiga bila kusita hawakukiona.

Sheria za sasa zingembana kidogo. Tangu 2019 mchezaji anashauriwa kupiga ndani ya sekunde 40 zamu yake ikifika, na muda wa kutafuta mpira uliopotea umeshuka kutoka dakika tano hadi tatu. Pia aliye tayari anahimizwa apige kwanza, mradi ni salama.

Mwaka 1949 chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilimfungia. Sababu ya kwenye karatasi haikuwa mwendo wake: ni kutotokea kwenye mashindano aliyoahidi kucheza, baada ya kushinda Open ya Uingereza mwaka huohuo. Wapo Wamarekani waliokiri baadaye kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kushinda mno. Kifungo kiliondolewa 1951, lakini moyo wake ulishahamia Uingereza, ambako alitwaa Open tena 1950, 1952 na 1957.

Ile ya 1957, pale St Andrews, nusura iingie doa. Shimo la mwisho alisogeza alama ya mpira wake kumpisha mwenzake, kisha akasahau kuirudisha mahali pake. Picha za filamu zikamuumbua baadaye. Kamati ikaona alikuwa mbele ya Peter Thomson kwa mikwaju mitatu na hakufaidika chochote, ikamwachia kombe. Mtu aliyelaumiwa kwa kukagua kupita kiasi, siku hiyo ilimponyoka hatua moja ndogo tu.

Baadaye gari lake liligongwa na treni. Alipona, lakini jicho likaharibika na maumivu ya kichwa yakamwandama, na makali yake hayakurudi. Mwaka 1977 aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa gofu duniani. Alifariki Johannesburg, Machi 9, 1987, akiwa na miaka 69.