Kijuma wa Lamu: Mwalimu aliyewafunza wageni lugha kwa tungo

WASOMI wengi wa fasihi ya Kiswahili wanawajua Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ni wachache wanaomkumbuka mzee wa Lamu aliyewapa wasomi hao sehemu kubwa ya waliyoyachapisha.

Huyo ni Muhamadi bin Abubakar bin Omar, maarufu kwa jina la Kijuma, aliyezaliwa Lamu miaka ya 1850. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, fundi wa kuchonga milango na mwandishi wa hati za Kiarabu aliyesifika kwa mwandiko wake.

Wageni waliomjia hawakuwa wanagenzi. Dammann, kwa mfano, alikuwa mmishonari Tanganyika na Kiswahili alikijua alipofika Lamu mwaka 1936. Lakini kujua sarufi ni jambo moja, na kuifahamu lugha jinsi wenyewe wanavyoihisi ni jambo jingine. Aidha, Kiswahili sanifu kilichokuwa kikienezwa tangu 1930 kilijengwa juu ya Kiunguja, ilhali tungo za kale zilikuwa katika Kiamu, ambamo macho ni mato na njaa ni ndaa.

Kijuma aliwanakilia tungo nzima na kuwafafanulia maneno yake. Miongoni mwazo ni Utendi wa Liyongo, ambao nakala yake moja ni ya mwaka 1913. Humo shujaa yumo kifungoni, na mama yake anampelekea mkate wenye tupa ndani yake. Liyongo anakata pingu huku ngoma na nyimbo zikifunika mlio wa chuma. Msomaji anayetaka kujua kama atatoroka hulivuka neno gumu bila kuchoka, na likirudi mara ya pili huwa si geni tena.

Hiyo ndiyo siri ambayo walimu wa Kiingereza nchini Kenya wanaitumia leo wanapowapa wanafunzi hadithi fupi. Mwanafunzi aliyekwisha pita hatua za mwanzo huhitaji kisa chenye mwanzo na mwisho, kwani orodha ya msamiati haimpi sababu ya kuendelea kusoma.

Matunda ya kazi ya Kijuma yalionekana ng'ambo. Werner na Hichens walichapisha utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934, Hichens akatoa Al-Inkishafi mwaka 1939, na Dammann akatoa mkusanyo wa tungo za Kiamu mwaka 1940. Majalada yalibeba majina ya wanafunzi, si ya mwalimu.

Kijuma alifariki mwaka 1945. Hati zake nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani, na ilipofika mwaka 2010 ndipo Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipotoa kitabu kikubwa chenye jina lake jaladani. Hata hivyo, maelezo ya kitabu hicho ni ya Kiingereza. Wana wa Lamu bado wanastahili kumsoma mwalimu huyu kwa lugha aliyoifunza.