Kipimo cha Mbingu Kilikuwa cha Leavitt

Kila nisikiapo wanafunzi wakikaririshwa kwamba Edwin Hubble ndiye aliyepima umbali wa galaksi, hujiuliza mbona hawaambiwi kipimo alikipata wapi. Alikirithi kwa mwanamke.

Henrietta Swan Leavitt alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1868. Alihitimu masomo ya chuo mwaka 1892, kisha maradhi yakamdhoofisha masikio. Katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Harvard alianza kwa kujitolea, baadaye akalipwa senti 30 kwa saa. Darubini zilikuwa za wanaume. Wanawake waliachiwa kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo.

Vioo alivyokagua vililetwa kutoka Arequipa, nchini Peru, kwa kuwa Wingu Dogo la Magellan halionekani kutoka Massachusetts. (Sisi wa karibu na ikweta twaweza kuliona, chini upande wa kusini, usiku wa Novemba usio na mbalamwezi.) Humo alizitafuta nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpigo maalumu, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa wiki kadhaa. Mwaka 1912, kwa nyota 25 tu, alithibitisha kwamba kadiri mpigo unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Na kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, umbali wake kutoka kwetu ni karibu sawa. Hivyo tofauti ya mng'aro ni ya nyota zenyewe.

Mwalimu na alieleze hivi: karabai mbili za nguvu moja, moja ikionekana hafifu mara nne kuliko ya pili, basi iko mbali mara mbili. Mpigo ndio unaotujulisha nguvu ya karabai.

Hata hivyo, taarifa hiyo ilitolewa kwa sahihi ya mkurugenzi, Edward Pickering, ingawa alikiri kwamba Leavitt ndiye aliyeitayarisha. Mimi naona haki ilianza kupotea hapo.

Mwaka 1923 Hubble aliipata nyota ya namna hiyo katika Andromeda, akatambua kwamba ile ni galaksi nyingine kabisa, nje ya yetu. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt barua, akikusudia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilifika Harvard. Leavitt alikuwa amekwisha kufa kwa saratani tarehe 12 Desemba 1921.