Hendrik Witbooi na Amani ya Naukluft

Katika nchi ya Namibia, ambayo Wadachi waliitawala wakati ule ule walipotawala kwetu, alikuwako mkuu wa Wanama, jina lake Hendrik Witbooi. Alizaliwa karibu na mwaka 1830, akabatizwa mwaka 1868 na mmisionari Olpp wa Misioni ya Rhein, kisha akawa mzee wa kanisa katika usharika wa Gibeon.

Alipigana na Waherero miaka mingi, akapatana nao mwaka 1892. Lakini mkataba wa Wadachi aliukataa. Basi tarehe 12 Aprili 1893, alfajiri, kapteni von François akakishambulia kijiji chake cha Hornkranz. Wengi waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Hata Biblia yake ikatekwa. Mwenyewe aliponyoka, akapigana zaidi ya mwaka, leo hapa kesho kule, wala hakushikika.

Mwaka 1894 akaja mkuu mwingine, Leutwein. Huyu aliandika barua kabla ya kupiga bunduki. Wakajibizana, wakasimamisha vita miezi miwili hivi ili Witbooi apate kufikiri. Muda ulipokwisha naye hajakubali, wakapigana vikali milimani Naukluft hata pande zote mbili zikachoka. Tarehe 15 Septemba Witbooi akatia sahihi. Alikubali ulinzi wa Kaisari na askari wa Kidachi kukaa Gibeon. Naye akarudishiwa mji wake, akaachiwa na bunduki zake. Wadachi wengi walimlaumu Leutwein kwa upole huo. Sisi twaona ya kuwa ndio uliofanya amani ile ikae miaka 10.

Walakini ilikuwa na bei yake. Kwa mapatano ya mwaka 1895 ilimpasa kutoa watu wa kuwapigania Wadachi, naye akawatoa, hata juu ya Waafrika wenzake. Mwaka 1904 walipelekwa kupigana na Waherero. Baadhi wakatoroka, wakarudi na habari za kutisha. Tena walowezi walinena waziwazi kwamba Wanama nao wanyang'anywe silaha. Mwezi wa Oktoba mzee huyu, umri wake zaidi ya miaka 70, akalivunja agano. Wala hatufichi ya kuwa katika vita hivyo mmisionari naye aliuawa.

Witbooi alipigwa risasi karibu na Vaalgras, akafa tarehe 29 Oktoba 1905. Wengi wa watu wake waliojitoa baadaye walifungwa katika kisiwa cha Shark, wakafa huko kwa baridi na njaa.

Biblia yake ilikaa katika jumba la makumbusho la Stuttgart zaidi ya miaka 100. Ilirudishwa Gibeon mwezi wa Februari 2019.