Bakhita: Moyo Uliofungwa Ukafunguka Tena



Mpendwa kijana, hivi umewahi kuumizwa mpaka ukaapa kutomwambia mtu tena yaliyo moyoni? Basi leo mfahamu Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto, alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Walipomuuliza jina lake, hofu ilimkaba koo, akashindwa kujibu. Wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Jina alilopewa na wazazi wake hakulikumbuka tena. Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa mwili kwa wembe, kisha vidonda vikasuguliwa chumvi. Huko alijifunza kunyamaza.

Mwaka 1883 alinunuliwa na mwakilishi wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia. Akawa yaya wa mtoto wa familia nyingine. Mtu mmoja mwema alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita akauficha, akiogopa bibi yake asije akamnyang'anya.

Baadaye yeye na mtoto waliachwa kwa masista Wakanosa, Venice. Masista wakamfundisha habari za Mungu, polepole, kwa subira. Mwaka 1889 bibi yake alipokuja kumchukua, binti huyu aliyezoea kutii tu alisema hataki kuondoka. Ilimuuma sana, maana yule mtoto alimpenda. Lakini hakurudi nyuma. Tarehe 29 Novemba mahakama ikatamka kwamba yuko huru. Januari 1890 akabatizwa, na mwaka 1896 akaweka nadhiri.

Huko Schio alipika, akatunza sakristia, akapokea wageni mlangoni. Mwaka 1930 alisimulia maisha yake yakaandikwa kitabu. Waliomteka aliwasamehe. Hata hivyo, alipokuwa mahututi mwaka 1947, aliomba alegezewe minyororo, kana kwamba bado yuko utumwani. Alifariki tarehe 8 Februari.

Unaona? Kusamehe hakukufuta makovu yake. Wala hakuufungua moyo kwa kila mtu, au kwa siku moja. Alianza kwa waliomsubiri. Nawe wiki hii tafuta mtu mmoja unayemwamini, awe padre, sista, mlezi au rafiki, umwambie jambo moja tu la kweli. Inatosha kwa kuanzia.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.